Mahindi Yenye Kuvu Si Chakula

Kila nyumba hapa Sindeni inakula mahindi. Mchana tunakula ugali, na usiku ugali. Asubuhi watoto wanakunywa uji. Siku nyingine tunapika makande. Mahindi yakizidi tunauza, tunapata nguo, sabuni na madaftari ya watoto. Mkulima wa Handeni na wa Korogwe akikosa mahindi, amekosa karibu kila kitu.

Lakini mahindi hayo hayo yanaweza kutuletea ugonjwa, hata kifo. Yakilowa yanaota kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu, na sumu hiyo inaingia ndani ya punje. Tunaiita sumukuvu. Wataalamu huiita pia aflatoksini.

Sumukuvu haina harufu. Haina ladha. Huwezi kuiona kwa macho. Ukipika ugali mpaka uive vizuri, sumu bado imo. Ukichemsha uji saa nzima, sumu bado imo.

Je, sumu hii inatoka wapi? Kwa nini siku hizi inatutisha zaidi? Nani anaumia kwanza? Na sisi wenyewe tufanye nini? Tusome pamoja.

MVUA ZIMEBADILIKA

Sisi wa mkoa wa Tanga tuna misimu miwili ya mvua. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Masika hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Mahindi ya vuli tunavuna Januari au Februari. Mahindi ya masika tunavuna Julai au Agosti. Katikati kuna jua la kukausha. Hivyo ndivyo tulivyozoea.

Siku hizi mambo yanakwenda vingine. Kumbuka miaka ya karibuni. Vuli ya mwaka 2016 ilikuwa haba. Vuli ya mwaka 2019 ilimwagika, ikaharibu barabara na madaraja katika mkoa wetu. Vuli za miaka ya 2021 na 2022 zilikuwa mbaya tena, mifugo ikafa kwa kukosa malisho katika sehemu za kaskazini. Halafu mwaka 2023 ikaja mvua kubwa ya El Niño. Mwaka huu kavu, mwaka ule mafuriko.

Sababu ni nini? Dunia inapata joto. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wamechoma makaa ya mawe na mafuta katika viwanda, magari na mitambo. Wamekata misitu pia. Moshi huo umejaa angani, nao unazuia joto lisitoke. Wataalamu wamepima wakaona kwamba joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii moja. Digrii moja ni kama si kitu, lakini inatosha kuvuruga mvua na ukame.

Mkulima wa Sindeni hana kiwanda. Wengi wetu hatuna hata pikipiki. Moshi ule ni wa wengine, ila madhara yake yanaingia mpaka ghalani kwetu.

KUVU INAINGIAJE KATIKA MAHINDI?

Kuvu hii inaishi katika udongo wa mashamba yetu. Haikuja jana. Inapenda vitu viwili: joto na unyevunyevu.

Kwanza, ukame. Mahindi yakipata kiu wakati wa kubeba, mmea unakosa nguvu. Punje zinapasuka. Wadudu wanatoboa gunzi. Kuvu inapita katika nyufa na matundu hayo. Mahindi yanaanza kuharibika yakiwa bado shambani.

Pili, mvua ya wakati wa mavuno. Tunavuna, mvua inanyesha. Mahindi yanalala chini yakiwa mabichi. Au tunayatia kwenye magunia upesi kwa kuogopa wezi na mbuzi. Ndani ya gunia kuna joto na unyevunyevu. Kuvu imepata nyumba.

Tatu, ghala baya. Paa linavuja. Magunia yamelala sakafuni. Dumuzi na fukusi wanatoboa punje. Kuvu inaenea.

Ukame kwanza, mvua baadaye: huo ndio mwaka wa hatari kabisa. Na miaka ya namna hiyo ndiyo tunayoanza kuiona zaidi.

YALIYOTOKEA KWA WENZETU

Ndugu msomaji, haya si maneno ya kutishana. Yametokea.

Mwaka 2004 wenzetu wa Kenya, upande wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika, walipata ukame. Kisha mvua ikanyesha wakati wa mavuno. Watu waliogopa njaa na wizi. Wakaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zao. Mahindi yakaota kuvu. Watu waliyala, maana hawakuwa na mengine. Watu 317 waliugua. Kati yao 125 walikufa.

Mwaka 2016 msiba kama huo ulifika nchini kwetu. Ulianza mwezi Juni. Watu wa Chemba na Kondoa katika mkoa wa Dodoma, na wa Kiteto katika mkoa wa Manyara, waliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Macho yakawa ya manjano. Matumbo yakajaa maji. Wengine walitapika. Watu 68 waliugua, na 20 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni sumukuvu. Ilikuwa katika mahindi ambayo watu waliyalima wenyewe na kuyaweka nyumbani kwao.

Kiteto si mbali. Inapakana na Kilindi, na Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002. Mahindi yao ni kama yetu. Jua lao ni kama letu.

NANI ANAUMIA KWANZA?

Sumukuvu inashambulia ini. Ini ndilo linalosafisha damu na kuondoa sumu mwilini. Mtu akila sumu nyingi kwa mara moja, ini linaharibika, naye anaweza kufa kwa siku au wiki chache. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, anaweza kupata saratani ya ini.

Wote tunaweza kuumia. Lakini hatuumii sawa.

Mtoto mdogo. Mtoto akifikisha miezi sita anaanza uji. Anakunywa asubuhi, anakunywa mchana, anakunywa jioni. Mwili wake ni mdogo, labda kilo saba au nane. Ini lake bado ni changa. Sumu ambayo mtu mzima haisikii, kwake ni nyingi. Watoto wanaokula sumukuvu mara kwa mara wameonekana kudumaa, yaani hawarefuki kama wenzao. Mama anaona mtoto anakula, anashiba, lakini hakui. Anasema ni jicho la watu. Kumbe huenda ni unga.

Mama mjamzito na mama anyonyeshaye. Sumu anayokula mama inaweza kumfikia mtoto tumboni. Kiasi kingine hupita katika maziwa. Akina mama, tuelewane hapa: msiache kunyonyesha! Maziwa ya mama bado ndiyo chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga. Dawa ni kumpa mama mahindi mazuri.

Mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ini lake limekwisha umia. Akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini inaongezeka mara nyingi. Ugonjwa huu una chanjo. Tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa. Siku hizi chanjo hiyo hutolewa pamoja na nyingine, mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mpeleke mtoto kliniki, usipitishe tarehe.

Maskini. Huyu tumtazame vizuri. Mwenye ekari kumi anaweza kumwaga gunia bovu akabaki na mengine. Mjane mwenye magunia mawili hawezi. Kibarua anayelipwa kwa debe la mahindi anapokea anachopewa. Anayenunua chenga au mahindi ya bei rahisi ananunua mara nyingi yale yaliyokataliwa na wengine. Ukame unampiga maskini kwanza, na kuvu inampiga tena.

MAHINDI MAZURI YANAKWENDA WAPI?

Sasa tuseme ukweli. Mfanyabiashara akija na lori lake, anachagua. Anatia mkono ndani ya gunia, anatazama, ananusa. Mahindi meupe na makavu ananunua. Yaliyovunda anayakataa. Tunayarudisha wapi? Nyumbani! Tunasaga unga wa uji. Tunapika pombe. Tunawapa kuku.

Maana yake ni kwamba mahindi mazuri yanakwenda kwa wageni, na mabovu yanabaki kwa mtoto wetu. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Tunafanya kwa shida ya fedha. Lakini fedha ile ikipatikana, itamrudishia mtoto ini lake?

Kwa hiyo kila nyumba iweke sheria moja. Siku ya kuvuna, kabla ya kuuza hata debe moja, tenga mahindi ya mtoto na ya mama mjamzito. Chagua mahindi bora kuliko yote. Yakaushe kwanza. Yaweke peke yake. Debe moja lina karibu kilo 18. Hesabuni pamoja, baba na mama, kwamba mpaka mavuno mengine mtoto atahitaji madebe mangapi. Hayo yasiuzwe.

TUFANYE NINI?

Sumu ikishaingia, jikoni hatuna dawa ya kuitoa yote. Kazi yetu ni kuizuia isiingie. Na kazi hiyo tunaiweza.

1. Panda mapema, panda mbegu inayokomaa upesi. Muulize bwana shamba ni mbegu gani inafaa kwa ardhi yenu. Usipande mahindi peke yake. Panda na mtama, mhogo, kunde na mbaazi. Anayekula vyakula vingi tofauti hali sumu ya chakula kimoja kila siku.

2. Vuna yakikauka, usichelewe. Mahindi yakikomaa, yavune. Yakikaa shambani muda mrefu, wadudu na mvua vinayakuta huko.

3. Usiyaweke chini. Udongo ndio nyumba ya kuvu. Anika juu ya kichanja, mkeka au turubai. Wingu likitanda, funika au ingiza ndani. Jioni ingiza, maana umande nao ni maji.

4. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa safi na kavu. Chukua chumvi, uikaushe vizuri juani. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Tia chumvi vijiko viwili au vitatu vikubwa. Funga, tikisa kwa dakika moja. Acha itulie dakika 15. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Anika tena. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka, unaweza kuyaweka.

5. Pukuchua bila kuvunja. Ukipiga magunia kwa fimbo, punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu. Pukuchua kwa mkono, au kwa mashine nzuri kama ipo.

6. Chagua. Kaa na watoto wakubwa, mwage mahindi kwenye ungo. Toa punje zilizooza, zenye rangi ya kijani, nyeusi au kijivu, zilizotobolewa na zilizovunjika. Kuchagua kwa mkono kunapunguza sumu sana, maana sumu nyingi hukaa katika punje chache mbovu.

7. Weka pakavu. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Ziba paa. Safisha ghala kabla ya kuingiza mahindi mapya, usichanganye na ya zamani. Ipo pia mifuko ya plastiki yenye tabaka tatu ambayo haipitishi hewa. Mahindi yakiwa makavu kweli, mifuko hiyo inaua wadudu bila dawa. Yakiwa mabichi, yataoza humo humo.

8. Osha na koboa. Sumu nyingi iko katika ganda na kiini cha punje. Dona ni chakula kizuri kama mahindi ni mazuri. Ukiwa na wasiwasi na mahindi, yakoboe na kuyaosha kabla ya kusaga. Hii inapunguza sumu, haiimalizi. Pumba za mahindi mabaya usile, usimpe mnyama.

Usisahau karanga. Karanga nazo zinaota kuvu hii hii. Akina mama wengi wanatengeneza unga wa lishe wa mahindi na karanga. Ni chakula kizuri, lakini kichagueni punje kwa punje. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi mbaya au chungu, itupwe.

Haya yamejaribiwa. Wilayani Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti walifuata familia za watoto 300. Familia nyingine zilifundishwa kuchagua mahindi, kuanika juu ya mkeka au kichanja, kutumia dawa ya wadudu na kukoboa kabla ya kusaga. Sumu katika mahindi yao ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakufundishwa. Hakuna mtambo mkubwa uliotumika. Ni mikono, jua na akili.

MAHINDI YALIYOHARIBIKA TUYAPELEKE WAPI?

Kuku je? Hapana. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Watu walishangaa. Wakachunguza chakula chao, wakakuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil yakiwa na kuvu. Hivyo ndivyo dunia ilivyoigundua sumu hii. Ng'ombe akila mahindi hayo, sumu inatoka katika maziwa, nasi tunayanywa.

Pombe je? Hapana. Sumu inabaki katika pombe.

Kumpa jirani mwenye njaa? Hapana! Huko ni kumpa ugonjwa kwa jina la msaada.

Mahindi yaliyovunda yachomwe moto mbali na nyumba, au yafukiwe katika shimo refu. Inauma, ndugu. Katika mwaka wa njaa kumwaga hata kibaba kunauma. Ndiyo sababu tunasisitiza kuanika na kuchagua mapema, ili cha kumwaga kiwe kidogo.

MGONJWA AKIPATIKANA

Dalili ni hizi: macho na ngozi kuwa vya manjano, kutapika, tumbo kuuma au kujaa maji, miguu kuvimba, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi.

Ukiona dalili hizi, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usipoteze wiki nzima ukitafuta nani amemroga mgonjwa. Acheni nyumba nzima kula mahindi yale. Chukueni kiasi kidogo, mtie katika mfuko safi, mpeleke kwa mganga wa zahanati ili yapimwe. Wakiugua watu wawili au watatu wa nyumba moja au wa kijiji kimoja, mwenyekiti wa kijiji aarifiwe mara moja.

Sheria ya vyakula inataka kilo moja ya mahindi isiwe na sumukuvu zaidi ya mikrogramu 10. Hiyo ni pungufu ya uzito wa punje moja ya chumvi laini! Ndiyo maana jicho haliwezi kupima. Maabara ndiyo inayopima.

KAZI YA WOTE

Turubai moja ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa nyumba kumi si ghali. Wanakikundi wanaweza kuchanga, wakanunua turubai mbili, wakapeana zamu. Vijana wanaweza kujenga kichanja kwa mjane na mzee. Mwenye shamba anayelipa vibarua kwa mahindi alipe mahindi makavu.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusoma. Walisikiliza redio, walisoma kitabu, walijadili. Kisha walichimba vyoo na kufyeka majani. Walisoma, halafu wakatenda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mvua hatuwezi kuiamuru. Kichanja tunaweza kukijenga wiki hii.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mahindi tuliyovuna msimu uliopita tulianika wapi? Juu ya nini?

2. Katika nyumba zetu, mahindi yaliyokataliwa na mnunuzi yanaliwa na nani?

3. Leteni chupa, chumvi na mahindi kutoka nyumba tatu. Pimeni pamoja. Ya nani yamekauka? Ya nani bado?

4. Katika kijiji chetu kuna mama mjamzito, mzee au mgonjwa ambaye hana pa kuanikia mahindi? Nani atamsaidia, na lini?